Moto Usiopigiwa Yowe

Kutoka Basotu, wilayani Hanang, Mlima Hanang unaonekana upande wa mashariki, umesimama peke yake, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari, bila mlima wa jirani wa kuuziba. Moshi ukianza kule juu, nusu ya wilaya inauona kabla askari wa msitu hajauona, maana yeye yuko chini ya miti. Na nusu ya wilaya inapouona, kila mmoja hudhani mwenzake ameshapiga simu.

Kisa ninachokisimulia hapa nimekitunga. Wahusika wake hawana majina wala kijiji. Lakini mlima ni huohuo, sheria ni zilezile, na kumbukumbu wanazozibeba watu wake ni za kweli. Nitazitaja na miaka yake pale zitakapohitajika.

Palikuwa na mrina asali. Mwezi wa tisa, nyasi zimekauka hadi zinalia chini ya mguu, alipanda mlimani usiku akiwa na panga, kamba, dumu la lita 20 lililokatwa mdomo na mwenge wa majani makavu uliofungwa kwa gome. Alichagua usiku kwa sababu mbili: nyuki hutulia gizani, na doria hulala. Kibali hakuwa nacho. Baba yake alirina kwenye pango la mti huohuo kabla msitu haujapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye chini akamweleza kwamba mti umebadili mwenyewe.

Alifukiza, akaingiza mkono, akatoa masega mawili ya kwanza. Cheche ikadondoka. Alipotazama chini, majani yaliyo shinani yalikuwa yameshika, moto wa ukubwa wa mkeka. Akateremka haraka, akavunja tawi bichi, akaanza kupiga. Upande huu ukizima, upande wa pili unasogea. Watu wawili wangeumaliza kwa robo saa. Yeye alikuwa mmoja.

Chini bondeni palikuwa na boma; aliona mwanga wa tochi na kusikia mbwa wakibweka. Yowe moja lingefika. Lakini alipiga hesabu: nikiita, swali la kwanza halitakuwa moto uko wapi, litakuwa ulifuata nini huku saa nane usiku. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 ilikuwamo katika hesabu hiyo ingawa hajawahi kuisoma. Aliijua kupitia majirani waliorudi kutoka mahakamani. Akaacha dumu na asali yake, akashuka kwa njia nyingine, asubuhi akawa wa kwanza kusimama barabarani na wenzake akinyoosha kidole: “Jamani, mlima unaungua!”

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mtu aliyeujua moto ule tangu ulipozaliwa, aliyejua mahali pake na saa yake, ndiye mtu pekee asiyeweza kuupigia yowe. Huwa tunazungumzia uhalifu wa misituni na moto wa misituni kana kwamba ni mafaili mawili. Kwa askari aliyeko mlimani ni faili moja. Mrina asiye na kibali, mchoma mkaa, mwindaji wa kitoweo anayebanika nyama porini, mchungaji anayechoma nyasi kavu ili mvua ikija apate majani mabichi: wote hao huwasha, na wote hao hukimbia. Anayekamatwa kwa moto ni nadra sana. Kinachobaki ni majivu na dumu.

Turudi kwenye kisa. Askari wa zamu alikuwa kijana aliyehamishiwa Hanang kutoka mkoa wa mbali, hajamaliza hata mwaka. Wenzake walikuwa wachache kuliko vidole vya mikono miwili, na mlima una pande nyingi. Alijua kanuni ya kwanza ya moto wa mlimani: hupanda haraka kuliko unavyoshuka, kwa sababu joto lake hutangulia na kukausha majani yaliyo juu yake. Huwezi kuusubiri mbele kwa juu. Unaushika ubavuni, unafyeka kinga hadi udongo uonekane, unapiga kwa matawi, unarudi nyuma kufukia visiki, maana kisiki kinachofuka kinaweza kuamka siku ya tatu. Hiyo ni kazi ya watu wengi. Akashuka kwenye lile boma.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, afande.”

Mzee wa Kidatoga angeweza kusema “marahaba, mwanangu.” Kijana alilisikia hilo, akameza mate, akaendelea. “Mzee, mlima unaungua. Naomba vijana wako, hata kumi.”

“Vijana unaowataka, wawili mliwaweka ndani mwezi wa saba kwa ajili ya ng’ombe. Tuliuza fahali kulipa faini. Leo wakipanda huko na mapanga, wakashuka na masizi usoni, nani atamwambia mkubwa wako kwamba walipanda kuzima?”

Kwa mgeni jibu hilo ni la ukorofi. Kwa anayeijua nchi ya Basotu ni jibu la mtu mwenye kumbukumbu. Tambarare zinazozunguka Ziwa Basotu zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, waliohamahama kwa majira ili nyasi zipumzike. Kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilizigeuza kuwa mashamba saba ya ngano yenye ekari zipatazo 100,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret. Njia za mifugo zilifungwa, makaburi ya wazee yakapitiwa na trekta, na mwenye kupitisha ng’ombe katika ardhi aliyozaliwa akawa mvamizi wa kutozwa faini. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani pamoja na wanakijiji 67. Mwaka 1984 walishinda Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufani ikaupindua ushindi ule, na miongoni mwa hoja zake ni kwamba wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya enzi hizo. Mbarabaig wa Hanang kutakiwa athibitishe uenyeji wake Hanang! Ukishaambiwa hivyo na mahakama ya juu kabisa ya nchi, neno “ardhi ya umma” halikuingii tena masikioni kama linavyomwingia aliyeliandika.

Jeraha la pili ni la karibu zaidi. Kati ya sensa ya 2009 na ile ya 2014, tembo wa Tanzania walishuka kutoka zaidi ya 109,000 hadi takriban 43,000. Hakuna serikali ambayo ingekaa kimya, na Oktoba 2013 ikaanzishwa Operesheni Tokomeza, ikiwahusisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori. Ndani ya wiki chache Bunge lilikuwa linapokea malalamiko ya watu kupigwa, kuteswa, mifugo kuuawa, hata vifo. Operesheni ikasitishwa, kamati chini ya James Lembeli ikachunguza, na Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Majangili wakubwa, wenye magari na wanunuzi, hawakuwa ndio waliojaza ripoti ile. Walioijaza ni watu wa mabomani. Sisemi vita dhidi ya ujangili haikustahili. Nasema iliacha deni vijijini, na deni hilo hulipwa na askari kijana ambaye mwaka 2013 alikuwa bado shuleni.

Naye askari ana lake la kusema, na si dogo. Sheria zilipobadilishwa mwaka 2020, watumishi wa uhifadhi, wa misitu wakiwamo, waliwekwa katika mfumo wa kijeshi, Jeshi la Uhifadhi. Amevaa sare, ana cheo, anapiga saluti. Anaingia msituni asijue aliyeko nyuma ya kichaka ana tanzi la waya au ana bunduki. Anayepatikana na nyara za serikali anaweza kukabiliwa na kifungo cha kati ya miaka 20 na 30, na mtu anayeikwepa miaka 20 anaweza kufanya lolote. Mtu huyohuyo aliyefundishwa kumwona kila anayekutana naye porini kuwa mshukiwa ndiye tunayemtaka, moshi ukifuka, abishe hodi kwa unyenyekevu.

Katika kisa chetu kijana mmoja wa boma alitoka. Mzee hakumtuma wala hakumzuia. Alipanda na panga, akapiga moto na askari mpaka jua likazama, akaungua mkono. Askari wote walikuwa upande huo mmoja wa mlima, kwa hiyo upande wa pili misumeno ililia usiku kucha na hakuna aliyeisikia. Wapasuaji wa mbao wanajua vizuri kwamba siku ya moto ni siku ya mavuno. Alfajiri ikaja doria ya kuongeza nguvu, watu wasiomjua yeyote. Wakamkuta kijana ameketi kwenye jiwe, masizi mwili mzima, panga miguuni, na hatua chache kutoka pale lile dumu la asali. Wakamfunga pingu. Yule askari kijana alikuwa juu kwenye visiki. Aliposhuka kueleza, gari lilikuwa limeshaondoka. Kijana alikaa ndani siku tatu.

Mlima ule uliungua tena mwaka uliofuata. Hakupanda mtu.

Linganisha na Kilimanjaro, Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulipozuka eneo la Whona, katikati ya Mandara na Horombo. Maelezo ya awali ya TANAPA yaliwataja wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kule juu vichaka vya mierika vina majani yenye mafuta, vikishika vinawaka vikiwa vibichi. Lakini mamia ya watu walipanda: wanavijiji, waongoza wageni, wapagazi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Moto uliendelea siku nyingi na hasara ilikuwa kubwa, sitaki kuupamba. Ila hakukosekana mtu wa kushika tawi, na sababu si kwamba Wachagga wana mapenzi ya misitu kuliko Wadatoga na Wairaqw wa Hanang. Mlima ule unawalipia karo. Kutetea Kilimanjaro ni kutetea mshahara.

Hanang haina wageni wa namna hiyo, na haitakuwa nao kesho. Kwa hiyo mfano unaonifaa zaidi uko jirani, wilayani Babati, na hauna utalii ndani yake. Ni miombo ya Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianza kuupima msitu ule ili uwe hifadhi yake. Watu walipoona alama za mipaka walielewa kwamba unachukuliwa, wakaingia kukata na kulisha kwa pupa, kila mmoja awahi chake. Uharibifu ulizidi kwa sababu ya uhifadhi wenyewe. Hatimaye wilaya ikakubali jambo ambalo wataalamu wengi waliliona kuwa wazimu: vijiji vinane vikaachiwa msitu, kila kimoja sehemu yake, kwa sheria ndogo walizotunga wenyewe na walinzi waliowachagua wenyewe. Moto ulipungua na uchomaji mkaa ukapungua, bila jeshi. Mlinzi wa kijiji ana kitu ambacho askari wa kuhamishwa hawezi kupewa na mafunzo yoyote: anajua ni nani mwenye lile dumu.

Najua mapingamizi yapo, na mengine ni ya haki. Miombo iliyo kando ya nyumba si sawa na mteremko mkali wa Hanang. Mlinzi wa kijiji naye ana shemeji anayepasua mbao. Na baada ya tope na mawe vilivyoshuka Hanang tarehe 3 Desemba 2023, vikaua makumi ya watu Katesh, Gendabi na Jorodom, wapo watakaodai kwamba mlima ule sasa usiguswe na mtu. Wachunguzi wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima iliyokuwa dhaifu ilinyonya maji ikameguka. Moto haukutajwa kuwa chanzo, na tusiubebeshe lawama. Lakini hata mlima usioguswa na mtu utahitaji mtu wa kuupigia yowe.

Hata hilo la kuzima kila moto lina mtego. Marekani, mwaka 1935, idara ya misitu iliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kabla ya saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Miongo kadhaa baadaye misitu ilikuwa imejaa takataka kavu, na mioto iliyofuata ilikuwa ya kutisha zaidi. Hifadhi zetu za savana huchoma mapema, kiangazi kinapoanza na nyasi zikiwa na unyevu, ili moto wa Septemba ukose chakula. Mfugaji wa Basotu amelijua hilo tangu zamani. Tofauti ni kwamba akichoma askari linaitwa usimamizi, akichoma mzee linaitwa kosa.

Baada ya moto ule wa pili, usiozimwa na mtu, askari kijana alirudi kwenye boma. Safari hii hakubeba silaha. Mzee alikuwa na mambo matatu tayari: vijana ishirini waandikwe majina, kila mmoja apewe karatasi yenye mhuri, wajulikane na doria zote; nyasi za chini ya mlima zichomwe kwa pamoja mwezi wa sita; na warinaji wapewe vibali vya kuweka mizinga pembezoni, kwa sababu, alisema, “yule mwizi wa asali mnayemtafuta ndiye atakayewaita siku akiwa na mzinga wake wa kuungua.”

“Mzee, haya yote yako juu ya cheo changu.”

“Basi yaandike, yampate mwenye cheo.”

Yaliandikwa palepale, mtendaji wa kijiji akagonga mhuri, barua ikapelekwa kwa pikipiki. Ilikuwa mwezi wa nne. Sasa ni mwezi wa nane, nyasi za mwezi wa sita hazikuchomwa, na jibu halijafika.