Mwalimu Asemapo "Sijui"

Je, yampasa mwalimu kukiri mbele ya watoto kwamba hajui? Wazee wengi watajibu upesi: La! Mwalimu ni mlezi, na mlezi akionekana hajui, heshima yake imekwisha. Swali hili ni la zamani, lakini kompyuta imelileta tena mlangoni petu.

Huko Mazimbu, karibu na mji wa Morogoro, ipo Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako vijana husomea ualimu wa sayansi. Kabla ya kuhitimu, mwalimu mwanafunzi hupelekwa shuleni kufanya mazoezi ya kufundisha. Tumfikirie mmoja wa namna hiyo, katika juma lake la kwanza, akifundisha matumizi ya kompyuta. Watoto wameandika insha, wametoka mapumziko, na warudipo, insha ya mmoja wao haionekani. Mwalimu anatafuta, jasho linamtoka, darasa zima linamtazama. Aweza kusema, "Mashine hii ni mbovu." Au aweza kusema, "Sijui ilikokwenda, tuitafute pamoja."

Jibu la kwanza lamwokoa kwa dakika tano. Kisha mtoto wa nyuma anaikuta insha, nzima kabisa, imehifadhiwa mahali pengine. Sasa watoto wamejifunza somo ambalo halikuwamo katika andalio la mwalimu: kwamba mkubwa akikwama, husingizia. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mbele ya mashine ni fupi zaidi, kwa maana mashine haimwonei mtu haya.

Mazimbu yenyewe yaweza kutufundisha jambo. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC cha Afrika Kusini ardhi ya shamba la zamani la mkonge mahali hapo, na mwaka uliofuata ikaanza kujengwa shule ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Wanafunzi wa pale hawakukaa na vitabu tu. Walifanya kazi pia shambani na kwenye ujenzi. Mwaka 1992 ANC ilikabidhi mahali hapo kwa Tanzania. Basi, kazi ya mikono na kompyuta zina hukumu moja: ukuta uliopinda haujali cheti cha aliyeujenga. Afanyaye kazi hiyo mbele ya wengine hana budi kuzoea kuonekana akikosea, na kubomoa, na kuanza tena.

Twajua ipo hatari. "Sijui" isiwe kichaka cha uvivu. Mwalimu asiyejitayarisha, kisha akajisifu kuwa mkweli, awaibia watoto vilevile. Asemaye "sijui" leo amekopa, na kesho yampasa kuja na jibu. Wala kumshukuru mtoto aliyeona kabla yako si kumkabidhi darasa. Mtoto aweza kukijua kitufe. Bado hajajua lipi la kuamini, lipi la kuacha, na wakati gani wa kuzima. Hiyo ingali kazi ya mkubwa.

Nanyi wazazi, msidhani kwamba jambo hili ni la shuleni tu. Simu imo nyumbani, na mara nyingi mtoto huifahamu kuliko baba yake. Akikuonyesha, usimkemee kwa sababu umeona aibu. Kaa naye, ujifunze, kisha naye ataketi kukusikiliza utakapomwambia yale ambayo umri wake haujamfundisha. Na mwalimu kijana wa kijiji chenu akikiri kwamba hajui, msimcheke barazani. Mngojeeni hadi kesho. Akija na jibu, mjue watoto wenu wamepata mwalimu.