Tundu la Nusu Milimita

Imamu Ghazali, katika Ihya, ametaja hila ya mtu ampaye mkewe mali yake mwisho wa mwaka, kisha naye akaomba apewe ya mkewe, ili zaka imwepuke; na ijapokuwa kadhi hana la kumdai mtu huyo, Imamu ameuhesabu ufakihi wa namna hiyo kuwa ni wa dunia tu, wenye madhara makubwa Akhera. Nilipoisoma habari hiyo ujanani Mombasa niliidhani ni ya matajiri. Mwaka huu imenikabili Buffalo, katika jimbo la New York, chini ya gari langu.

Taa ya injini iliwaka mwezi wa Julai. Fundi wangu, kijana wa Bukavu, alichomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma alama P0456: mvuke wa petroli unavuja, nao unavuja kidogo sana. Gari za siku hizi hazikuachiwa kupumua ovyo. Mvuke wa tangi hunaswa katika kisanduku cha makaa, kisha huvutwa na injini ukateketezwe, na kompyuta hulifunga tangi na kulipima, hata tundu la nusu milimita haliifichiki. Tukabadili kifuniko, maana aghalabu mpira wake ndio ulegeao. Mwezi wa Agosti taa ikarudi, nami, kwa taksiri yangu, nikaiacha.

Disemba ukafika wakati wa ukaguzi wa kila mwaka. “Mzee, tufute tu alama,” akasema fundi. “Sheria yenyewe inaruhusu.” Wala hakusema uongo: alama ikifutwa, kompyuta huanza vipimo vyake upya, na gari la mwaka 2001 na baadaye hukubaliwa hata kama kipimo kimoja cha kompyuta hakijakamilika; na kipimo cha mvuke, kwa kuwa chataka tangi lisilojaa wala kukaribia kukauka, na hewa isiyo ya baridi kali, huweza kukawia majuma mengi katika theluji ya mji huu. Cheti ningalikipata kwa halali ya dhahiri.

Lakini ni nani anayedhulumiwa? Mvuke wa petroli, ukikutana na moshi wa magari chini ya jua kali, huzaa ozoni, na ozoni huumiza vifua. Fungu langu hakuna mizani ya gereji iwezayo kulipima, na limetawanyika juu ya maelfu ya watu, hata asipatikane hata mmoja wa kunishtaki. Nikakumbuka kuwa madhehebu yetu ya Shafi husamehe najisi isiyodirikiwa na jicho, na kwa siku mbili nilijiliwaza kwa kiasi hicho, mpaka nikazingatia kwamba msamaha ule umewekwa kwa sababu ya uzito wa kujilinda na kisichoonekana, ilhali mimi nilikuwa nimeonyeshwa, kwa taa ya manjano, kila asubuhi tangu Julai. Kitu kikishajulikana, udogo wake hauwi tena udhuru, na haki za waja hazianguki kwa kujuta peke yake.

Nikamwambia fundi alitafute tundu. Akaingiza katika mabomba moshi wa mafuta mepesi, kwa msukumo hafifu, tukalala chini na tochi. Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Kisha, nyuma ya bati la gurudumu, penye shingo ya kumiminia petroli, uzi mmoja wa moshi ukapanda, mwembamba kama wa udi chetezoni unaokaribia kwisha. Fundi akakwaruza kutu kwa kucha, na uzi ukawa mnene. Ilikuwa kazi ya chumvi wanayoimwaga barabarani kuyeyusha barafu. Sisi tuliokulia pwani twaijua ilavyo chuma.

Shingo mpya ilifungwa, na cheti kikatoka. Ulibaki mvuke wa kiangazi kizima, usiorudishika. Ghorofa ya chini kwetu yuko mtoto wa kike mwenye pumu, asiyetoka bila dawa yake ya kupuliza. Wala sidai kwamba ni gari langu lililombana kifua, ila mwenye haki aliye karibu nami zaidi sikumjua. Jioni moja nikabisha hodi, nikamweleza mamake yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, ameshika mwiko mkononi, kisha akaniuliza kama gari limepona.