Mchezo Nao Una Haki Yake

Wazee wetu walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hiyo ilizaliwa zamani, watu wakishindana ana kwa ana. Leo twauliza kama yamhusu pia kijana anayeshindana na mtu asiyemwona wala kumjua jina.

Maana michezo mipya imeingia nyumbani mwetu. Kijana wa Kilwa Masoko au wa Lindi mjini, mwenye simu na kifurushi cha intaneti, aweza jioni moja kuendesha gari la mashindano, gari lisilo na matairi wala petroli, dhidi ya kijana wa Mombasa, wa Muscat au wa Ujerumani. Hatuandiki ili kuilaani michezo hiyo. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba roho huhitaji pumziko kama mwili unavyohitaji, na ya kuwa kucheza kwa kiasi kuna fadhila yake. Shaka yetu ni nyingine. Husemwa, hata na vijana wema wasiokosa Misa ya Dominika, kwamba kumgonga mwenzako kwa makusudi katika gemu si kosa: gari si gari, na hakuna aliyeumia. Je, ni kweli?

Kwanza tuitazame adabu ya mchezo wenyewe, kwa kuwa wachezaji waaminifu wanayo. Anayetaka kumpita mwenzake ndiye mwenye wajibu wa kupita salama. Aliye mbele hayumbi huku na huku ili kuziba njia. Wawili wakiingia kona sambamba, kila mmoja humwachia mwenziwe nafasi ya kupita. Aliyetoka nje ya barabara hurudi kwa kuwaangalia wanaokuja. Aliyemgonga mwenzake kwa bahati mbaya hupunguza mwendo na kumrudishia nafasi yake. Tena si uungwana kukata mtandao ghafula kwa sababu waona unashindwa.

Watu wa pwani hawatastaajabu kusikia hayo, maana kanuni ya kwanza ndiyo ya baharini pia. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1972 ya kuzuia migongano baharini yaamuru kwamba chombo kinachokipita kingine ndicho chenye wajibu wa kujitenga nacho. Wala si vigumu kuona sababu. Aliye nyuma aviona vyombo vyote viwili, chake na cha mwenziwe. Aliye mbele hana macho kisogoni. Basi wajibu umewekwa juu ya yule anayeona zaidi.

Neno hilo lafaa tulishike, maana ndani yake limo jibu tunalolitafuta. Tuwatazame wazee wakicheza bao. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, naye huzitia moja moja. Mwenye mkono mwepesi angeweza kutia mbili badala ya moja. Lakini mwenzake amekaa mbele yake, na watazamaji wamewazunguka. Aibu humlinda hata mtu mwenye dhamiri iliyolala. Katika gemu hakuna uso wa kuonea aibu. Mashine yaona kwamba magari mawili yamegongana, haioni nia. Katika wachezaji wote ni mmoja tu ajuaye kama alichelewa kushika breki au alikusudia. Huyo ndiye anayeona zaidi. Kwa hiyo, pale ambapo shahidi hayupo, wajibu wake haupungui, bali wote wamwangukia yeye.

Mwezi wa Mei 2020, ugonjwa wa korona ulipokuwa umesimamisha mashindano ya magari duniani, madereva wa Formula E walishindana kwa kompyuta, kila mmoja nyumbani kwake. Katika shindano moja Mjerumani Daniel Abt alitokea wa tatu. Kisha ikajulikana kwamba aliyeendesha hakuwa yeye, bali kijana hodari wa gemu aliyeshika mahali pake. Abt alinyang'anywa nafasi yake, akatozwa euro 10,000 kwa ajili ya wahitaji, na Audi, kampuni aliyoiendeshea, ikamsimamisha. Yeye alieleza kwamba alikusudia mzaha, akaomba radhi. Gari halikuwapo, lakini watu waliodanganywa walikuwapo.

Ndivyo ilivyo hata katika mashindano madogo ya vijana wetu. Yule aliyegongwa ni mtu. Saa yake aliyoitoa ni saa kweli, na fedha ya kifurushi chake ni fedha kweli. Anayetangazwa mshindi kwa hila ashuhudia uongo juu yake mwenyewe, na hilo lagusa amri ya nane. Pakiwapo zawadi ya fedha, lagusa na amri ya saba, wala haitoshi kuungama, yapasa kurudisha. Hatusemi kwamba kila kosa la mchezoni ni dhambi ya mauti. Mara nyingi jambo lenyewe ni dogo. Lakini mkono uliozoea kumsukuma mtu asiyeonekana, kesho utashika usukani wa basi katika barabara ya kwenda Dar es Salaam.

Labda mtu atasema: "Wote hufanya hivyo; mwaminifu atashindwa siku zote." Yawezekana atashindwa. Mwezi wa Desemba 2012, huko Burlada katika Hispania, Mkenya Abel Mutai aliongoza mbio za nyika, akasimama mita chache kabla ya mwisho akidhani amekwisha kuvuka mstari. Mhispania Iván Fernández Anaya alimfikia. Angeweza kumpita. Lakini aliona kosa ambalo Mutai hakuliona, akamwonyesha njia na kubaki nyuma yake. Alitoka wa pili, na leo watu wamkumbuka kuliko washindi wengi.

Enyi wazazi, mtoto akisema ameshinda, msiishie kumsifu. Mwulizeni ameshindaje, nanyi msikilize jibu lake mpaka mwisho. Nawe kijana, ukimtoa mwenzako njiani, punguza mwendo, umngojee arudi mbele yako. Yeye hatajua wewe ni nani wala kwa nini ulingoja. Mungu ajua.