Ushuru wa Mazao na Dhamiri ya Mkristo

Kila mwaka mahindi yakianza kuvunwa katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, swali lilelile huwafikia wachungaji. Halihusu Utatu Mtakatifu wala Meza ya Bwana. Linahusu gunia. Washarika wetu wa Njombe, Ruvuma, Songwe na Rukwa huuliza: je, ni dhambi kupitisha mahindi usiku ili kukwepa ushuru wa halmashauri? Anayeuliza kwa kawaida si mwizi wala mkorofi. Ni mtu aliyelima kwa jembe la mkono, akachukua mbolea kwa mkopo, akapalilia na kuvuna pamoja na watoto wake, na sasa anaona watu wengi wamekaa njiani wakingojea sehemu yao.

Wengi wetu tuna jibu la haraka. Tunafungua Warumi 13, tunamkumbusha kwamba mwenye kustahili kodi apewe kodi, kisha tunaomba na kuagana. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Linamfundisha mkulima wajibu wake na kuwaacha wote wengine wanaoshika gunia lile bila neno lolote. Swali hili linastahili kutazamwa polepole, maana ndani yake mna jasho la mtu, mna ada ya shule ya watoto, na mna Amri ya Saba.

Kwanza tuelewe ushuru wenyewe. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa katika nchi yetu, na ziliporejeshwa kwa sheria za mwaka 1982 zilihitaji fedha za kujiendeshea. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka huo ikazipa halmashauri za wilaya, pamoja na vyanzo vingine, haki ya kutoza ushuru kwenye mazao yanayouzwa katika maeneo yao. Kwa muda mrefu kiwango kiliweza kufika asilimia 5 ya bei ya shambani. Katika bajeti ya mwaka 2017/18 kilipunguzwa: asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Katika mabadiliko hayohayo ilikatazwa kutoza ushuru kwa mazao yasiyozidi tani moja yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Tena, kwa sheria, anayepaswa kuulipa ushuru huu ni mnunuzi, si mkulima.

Tuchukue mfano wa hesabu. Kilo moja ya mahindi ikiuzwa shilingi 500, gunia la kilo 100 ni shilingi 50,000. Asilimia 2 yake ni shilingi 1,000. Anayetazama kwa mbali atasema elfu moja si kitu. Lakini ushuru huu hutozwa kwenye bei ya gunia, hautozwi kwenye faida ya mkulima. Kama mbolea, mbegu, vibarua na usafiri vimemgharimu shilingi 40,000 kwa gunia, kilichobaki mkononi ni 10,000, na ile elfu moja ni sehemu ya kumi ya riziki yake. Kama gharama zilifika 50,000, amefanya kazi mwaka mzima bila kupata kitu, na ushuru bado uko palepale. Hauulizi kama mvua ilikatika mapema, wala kama deni la mbolea limelipwa.

Mtu atasema: lakini anayelipa ni mnunuzi. Karatasini ni kweli. Shambani, mnunuzi anajua kabla hajafika kwamba atalipa elfu moja kwa kila gunia, basi huiondoa katika bei anayotaja. Angeweza kubanwa kama mkulima angekuwa na uwezo wa kungoja. Mwezi wa Juni au Julai, bei ikiwa chini kabisa na shule ikidai ada, mkulima hawezi kungoja. Hivyo mzigo ambao sheria imemtwisha mwenye lori hushuka taratibu hadi kwenye bega la mwenye jembe. Hili tusilifiche tunapohubiri juu ya utii kwa mamlaka. Mkulima anayetuuliza swali lake analijua tayari.

Biblia inasema nini? Haisemi kwamba nafaka ya mkulima isiguswe kamwe na mtawala. Yusufu alimshauri Farao atwae sehemu ya tano ya mavuno katika miaka ya shibe, ikawekwa ghalani, na watu wakapata chakula njaa ilipofika. Hata hivyo, njaa ileile ilipoendelea, Wamisri waliishia kutoa mifugo yao, mashamba yao na hata miili yao kwa Farao. Ghala moja liliokoa maisha, nalo likawafanya watu watumwa. Samweli naye aliwaonya Israeli kwamba mfalme wanayemtamani atatwaa sehemu ya kumi ya nafaka zao na kuwapa watumishi wake. Tofauti ya visa hivi haipo katika kiwango tu, kwa kuwa sehemu ya tano ni kubwa kuliko sehemu ya kumi. Swali la Maandiko ni hili: nafaka iliyotwaliwa inakwenda kwa nani, na inamrudia vipi aliyeitoa?

Nabii Amosi, yeye mwenyewe mtu wa mifugo na mikuyu, alizungumza wazi zaidi. Katika sura ya 5 anawakemea wanaomkanyaga maskini na kumtoza ngano huku wakijijengea nyumba za mawe ya kuchongwa. Katika sura ya 8 anawageukia wafanyabiashara wanaopunguza kipimo na kudanganya kwa mizani. Kwake tozo isiyo haki na kipimo cha uongo ni ndugu wawili, na mwathirika wao ni mmoja.

Martin Luther aliona jambo hilihili alipofundisha Sala ya Bwana. Katika Katekisimo Kubwa, akieleza ombi la mkate wa kila siku, alisema ingefaa ngao ya mtawala mwema iwe na picha ya mkate badala ya simba, ili yeye na raia wake wakumbuke kwamba kwa kazi yake watu wanakula kwa amani. Hapo tunapata kipimo cha ushuru wa mazao. Serikali inalinda mkate: inatengeneza barabara ya kupitisha mahindi, inamlinda mkulima asiibiwe, inamtuma bwana shamba kwa wakati. Kwa kazi hiyo inastahili kulipwa. Ikiula mkate bila kuulinda, imeiacha kazi ambayo Mungu ameipa.

Sasa tuwatazame watu watatu walio karibu na gunia.

Wa kwanza ni mtozaji. Katika dola ya Kirumi haki ya kutoza ushuru iliweza kuuzwa kwa mzabuni, naye akalipa kiasi alichoahidi na kujirudishia kutoka kwa watu. Ndiyo maana jina la mtoza ushuru lilinuka katika Injili. Sisi nasi tumewahi kuona halmashauri zikikabidhi geti kwa wakala, na tunajua kishawishi kinachozaliwa mtu anapopata zaidi kwa kutoza zaidi. Mashine za kutolea risiti zimesaidia, lakini mashine haina dhamiri. Watoza ushuru walipomwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, hakuwaamuru waache kazi. Aliwaambia wasitoze kupita walichoagizwa. Neno hilo bado linatosha. Mtu anayepeleka gunia nane kwa wanawe wanaosoma mjini, kilo 800, hajafika tani moja. Akisimamishwa mpakani mwa halmashauri na kudaiwa ushuru, anadaiwa kisichoagizwa. Akidaiwa bila risiti, hiyo si kodi ya Kaisari. Ni wizi unaovaa sare.

Wa pili ni mnunuzi, na huyu tumemsahau katika mahubiri yetu. Kila mtu kijijini anaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa likashonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo inakataza kufungasha gunia kupita kilo 100, lakini mkulima mwenye shida hujaza kama anavyoambiwa. Tupige hesabu tena. Gunia kumi za lumbesa, kila moja kilo 120, ni kilo 1,200 zinazolipwa kama 1,000. Kilo 200 zimekwenda bure. Kwa bei yetu ya mfano, hizo ni shilingi 100,000. Ushuru wa gunia hizo kumi, kwa asilimia 2 ya bei iliyolipwa, ni shilingi 10,000. Yaani aliyekuja na kamba na sindano amechukua mara kumi ya halmashauri, naye hakuweka geti wala hakuvaa sare. Halmashauri yenyewe imepunjwa pia, maana imehesabu gunia kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba hizi zinajaza kibaba cha mtu mwingine. Tunapowakemea watoza ushuru kwa sauti kuu na kumpa mwenye lori kiti cha mbele kwenye harambee, tumesoma nusu ya Amosi.

Wa tatu ni mkulima mwenyewe, na sasa tunaweza kumjibu. Ushuru halali, uliotozwa kwa kiwango halali na kwa risiti, ni deni. Kuukwepa kwa njia ya panya ni kuvunja Amri ya Saba, hata kama barabara ya kijiji ni mbovu. Tunasema hivyo kwa sababu tunajua baadhi ya watu wanaopokea fedha hizo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mjane wa usharika wetu anayesubiri mkopo wa kikundi chake anasubiri, kwa sehemu, gunia lile lililopita usiku. Tena anayepita usiku anamwachia mzigo jirani yake anayepita mchana, na mwenye lori kubwa hufaidika na giza kuliko mwenye baiskeli.

Lakini tozo lisilo halali si deni, na mkulima hana wajibu wa dhamiri kulibeba kimya. Bwana wetu, katika Mathayo 17, alilipa kodi ya hekalu ingawa alionyesha kwamba wana wako huru. Alifanya hivyo kwa hiari, ili asiwakwaze watu, na kwanza alisema ukweli. Ndiyo njia tunayoishauri: kukataa mchana. Dai risiti. Uliza kiwango na sheria. Mkienda kuuza, nendeni kwa kikundi, maana mtu mmoja getini hutishwa, na watu ishirini husikilizwa. Pimeni kwa mizani. Mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila miezi mitatu, ni mahali halali pa kuuliza ushuru ulikwenda wapi, na Mkristo anayebaki nyumbani siku hiyo asishangae majibu yakikosekana. Wazee wetu walijificha vichakani kukimbia kodi ya kichwa, kwa sababu hawakuwa na mahali pa kuuliza. Sisi tunapo.

Na kanisa je? Siku ya Sikukuu ya Mavuno washarika huleta mahindi, maharage, ndizi na kuku mbele ya madhabahu, kisha tunanadi. Sisi nasi ni miongoni mwa wanaolisubiri gunia. Basi kipimo tunachodai kwa halmashauri tujipimie wenyewe: tusome hesabu wazi kila Jumapili, tusimwaibishe aliyevuna kidogo, na tukumbuke kwamba katika Kumbukumbu la Torati 26 zaka ya mwaka wa tatu iliwekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mlawi ni mmoja tu kati ya hao wanne. Usharika unaokula zaka yote wenyewe hauna la kumwambia mtendaji wa kata.

Zaidi ya hayo, katika madhabahu zetu wanapiga magoti pamoja mkulima, mtozaji, mgambo, dereva wa lori na mnunuzi. Zakayo alipookolewa hakutoa ushuhuda wa maneno tu. Alifungua hesabu zake na kuahidi kurudisha mara nne. Tukimhubiria kila mmoja wao neno linalomhusu, mkulima kulipa, mtozaji kutozidisha, mnunuzi kupima sawasawa, swali la njia ya usiku litaanza kupungua, kwa sababu njia ya mchana itakuwa salama.

Tunaposali kila siku tupewe mkate wetu, tunasema "wetu", hatusemi "wangu". Ndani ya neno hilo yumo aliyelima, yumo aliyenunua na yumo aliyekaa getini. Mungu atujalie kula mkate ambao hakuna aliyelia kwa ajili yake.