Picha Zetu za Ukutani ni Mali ya Nani?

Katika nyumba nyingi za kandokando ya Ziwa Nyasa, na hata huko juu Umatengo, ipo picha ya zamani ukutani: Bwana Yesu Mchungaji, au Mama Maria, au mtakatifu fulani. Pengine imezungushiwa kitambaa kilichodariziwa, na jirani yake ni kalenda ya mwaka uliokwisha. Kioo chake kimeshika moshi. Hatuitazami sana, maana tumeizoea. Lakini wako watu, mijini na ng'ambo, wanaozitafuta picha za namna hiyo kwa fedha ili wapambe sebule zao na mahoteli. Basi mtu akipiga hodi na kutaka kuinunua, je, yatupasa kuuza?

Kwanza tujue ni kitu gani. Nyingi za picha hizo za kale zilichapwa kwa jiwe, kazi iitwayo lithografia. Aliyeivumbua ni Alois Senefelder wa Bavaria, Ujerumani, mnamo mwaka 1796. Yeye alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, akitafuta njia rahisi ya kuchapa maandishi yake. Jiwe la chokaa huchorwa kwa kitu chenye mafuta, kisha hutiwa maji. Wino hushika penye mafuta na kukataa penye maji. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann wa Ufaransa alipewa haki ya uvumbuzi wa kuchapa hivyo kwa rangi nyingi, kila rangi na jiwe lake. Picha moja nzuri yaweza kudai mawe ishirini, na karatasi ile ile ipite juu ya kila jiwe pasipo kusogea. Fundi akizembea, wekundu wa mdomo huangukia kidevuni!

Ndiyo sababu picha hizo zilikuwa rahisi: zilichapwa kwa maelfu ili hata maskini awe nayo. Ile ya William Holman Hunt, Yesu akibisha kwenye mlango usio na kitasa kwa nje, mchoro wake wa kwanza uko Keble College, Oxford. Nakala zake zimeenea duniani kote, na wengi wameipenda bila kujua Oxford iko wapi.

Wako wasemao, "Hiyo ni karatasi tu, na bei yake ni ada ya mtoto shuleni." Hatuwadharau. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 787 ulifundisha kwamba heshima tunayoipa picha humwendea yule aliyechorwa; haibaki kwenye karatasi wala kwenye rangi. Kwa hiyo anayeuza picha hajamwuza Bwana wake, na tusimtishe mtu kwa maneno ya namna hiyo. Wala anayeinunua kwa kuwa rangi zake zampendeza hana kosa. Kupamba nyumba si dhambi.

Lakini hebu igeuze picha hiyo. Huenda nyuma yake utakuta mwandiko wa kalamu ya risasi: siku ya ubatizo wa fulani, ndoa ya fulani, kifo cha bibi. Mnunuzi huhesabu alama hizo na ule moshi kuwa ni uchafu unaopunguza bei. Kwetu sisi moshi ule ni wa jioni zote ambazo watu wa nyumba hiyo walikusanyika kusali kabla ya kulala. Aliyeitundika hakuitundika kwa ajili yake peke yake. Basi baba anayeitoa ukutani na kuiuza bila kuwauliza ndugu na watoto, ameuza kitu ambacho kwake ni fungu tu. Hapo ndipo tunapoona kosa, hata kama bei ilikuwa nzuri.

Na picha za kanisani zaidi. Hizo si za padre wala si za mzee wa kanisa. Ziliachwa kwa mtaa wote. Mgeni akizitaka, neno hilo liende kwenye halmashauri, tena waziwazi, si kwa kunong'onezana sakristia.

Vijana nao hutuambia tuziondoe zote kwa kuwa Yesu amechorwa kama Mzungu. Wana hoja. Wakristo wa kabila la Mafa, kaskazini mwa Kameruni, katika miaka ya 1970 waliigiza habari za Injili kwa sura na mavazi yao wenyewe, zikachorwa na kuchapwa. Tuzitundike hizo pia. Ukuta una nafasi.

Linabaki jambo la mjane aliye peke yake, hana wa kumwuliza, naye ahitaji dawa. Huyo auze, na mtu asimlaumu. Kama twaona vibaya picha yake iende mbali, halmashauri ya mtaa na iinunue kwa bei ile ile aliyotaja mgeni, kisha tumwachie iendelee kukaa ukutani kwake.