Farasi Thelathini wa Ziada

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitafuta gari la mtumba, na hesabu imebaki kwa mawili tu: Subaru Impreza WRX na kaka yake, Impreza WRX STI. Yote ni ya kizazi cha pili, kile kilichotoka viwandani Japani kati ya 2000 na 2007. Mtu asiyejali magari akiyaona yameegeshwa bega kwa bega ataona labda bawa kubwa la nyuma, basi. Lakini waulize vijana wa Nairobi wanaokesha wakibishana juu ya Subaru, watakwambia ni mbingu na ardhi. Mpanda farasi wawili hupasuka msamba, kwa hiyo lazima nichague.

Najua ukurasa huu ni wa vitabu. Nivumilieni, kwa sababu swali lililojificha humu si la chuma. Ni hili: kumiliki uwezo ambao hutautumia ni jambo jema, ni jambo baya, au halina uzito wowote?

Tuanze na hesabu. WRX iliyouzwa Japani ina injini ya lita mbili yenye turbo, na hutoa nguvu ya farasi 250 ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. STI ina injini ya lita mbili vilevile, ila imeimarishwa ndani, turbo yake ni kubwa zaidi, na farasi wake ni 280 kwenye mizunguko 6,400. Mshale wake unaruhusiwa kupanda hadi 8,000. WRX ina gia tano za mkono au otomatiki. STI ina gia sita, za mkono tu, na breki za Brembo. Giaboksi yake ni ngumu kiasi kwamba wenye WRX waliozidisha nguvu na kuvunja gia zao huitafuta ili waihamishie kwao. Kwa kifupi, tofauti ninayoiwaza ni farasi thelathini na kila kitu kilichowekwa ili kuwahimili hao thelathini.

Hiyo namba 280 ina hadithi yake. Kuanzia 1989, watengenezaji wa magari Japani walikubaliana kwamba hakuna atakayetangaza gari la soko la nyumbani lenye zaidi ya farasi 280. Hakukuwa na sheria iliyowalazimisha; yalikuwa makubaliano ya waungwana, na yalidumu hadi 2004. Juu ya hayo, magari ya huko yalifungiwa kizuizi cha mwendo cha kilomita 180 kwa saa. Wapenzi wa magari huchekelea habari hii, kwani magari kadhaa yaliandikwa 280 kwenye karatasi, lakini yakipimwa yanatoa zaidi. Mimi naona kuna jambo la kuheshimu hapo, hata ndani ya udanganyifu wake. Watu waliojua kuliko sisi sote gari linaweza kufanya nini walikiri hadharani kwamba uwezo una mahali pa kukoma. Walioiba waliiba kwa siri, na mtu haibi kwa siri kitu ambacho haamini kuwa ni makosa kukichukua.

Marafiki zangu hawana muda na waungwana wa Japani. "Buda, chukua STI," wananiambia. "Hizo nguvu si lazima uzitumie. Lakini siku ukizihitaji, ziko." Ni hoja ya wahenga hasa: akiba haiozi. Na ina uzito. Ukiwa kwenye barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, nyuma ya trela linalopanda mlima kwa mwendo wa konokono, gari lenye nguvu hukutoa upande wa wanaokuja kwa sekunde chache. Sekunde hizo ni maisha ya watu. Nani atakulaumu kwa kuwa na akiba?

Lakini hebu tulitazame trela hilo vizuri. WRX yenye farasi 250 imeshalipita zamani. Hata Probox iliyobeba magunia ya viazi hulipita kila siku, dereva akiwa na subira ya kungoja njia iwe wazi. Kwa hiyo hao thelathini wa juu hawakununuliwa kwa ajili ya trela. Trela ni kisingizio chao.

Tena, akiba ya nguvu si kama akiba ya mahindi. Mahindi yaliyo ghalani hayamwiti mtu. Nina vitabu vingi nyumbani ambavyo sijavifungua, na naapa havijawahi kuniomba chochote. Nikivisoma mwakani vitakuwa vilevile. Injini haiko hivyo. Uwezo wake umelala chini ya mguu wangu wa kulia, na kila taa ikigeuka kijani, kila kipande cha lami kikinyooka, unauliza: sasa? Unaweza kusema hapana mara mia. Lakini utakuwa umeulizwa mara mia, na anayeulizwa ni binadamu, mara nyingine amechoka, mara nyingine amegombana na bosi, mara nyingine yuko na rafiki anayetaka kuona "inavuta" kweli.

Aristotle alitofautisha kuwa na uwezo na kuutumia. Seremala aliyelala bado ni seremala. Kwa hoja hiyo STI iliyokwama kwenye foleni ya Mombasa Road bado ni STI, na mwenye nayo anaweza kujivunia bila kukanyaga mafuta. Lakini Aristotle huyohuyo, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kwamba tabia hujengwa na matendo yanayorudiwa: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa na kiasi kwa kutenda mambo ya kiasi. Ukiziweka hoja hizo mbili pamoja, swali langu linabadilika. Sitaishi na uwezo wa gari. Nitaishi na mazoezi ambayo gari litanipa kila siku, na baada ya miaka mitano mazoezi hayo yatakuwa mimi.

Sasa fikiria raha ya kila gari inapatikana wapi. STI ina turbo kubwa inayochelewa kuamka, na uzuri wake wote uko juu ya mshale. Ukitaka kuonja ulicholipia, uusikie ukipanda kuelekea 8,000 kwenye gia ya tatu, tayari umeshavuka kilomita 110 kwa saa, kikomo chetu cha barabara kuu. Raha yake kamili inaanzia pale sheria inapoishia. WRX si malaika. Nayo itavunja sheria hiyo bila kutoka jasho. Ila turbo yake ndogo huamka mapema, na sehemu kubwa ya utamu wake unaipata kwenye kona za Limuru kwa mwendo ambao bibi anayevusha mbuzi anaweza kuustahimili.

Ajabu ni kwamba hata wanaotaka gari la kujionyesha hawashindi sana kwa kuchukua STI. Ule mngurumo unaowafanya watu wageuke Subaru ikipita hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. STI za Japani za kuanzia mwishoni mwa 2002 ziliwekewa mabomba yanayolingana, na sehemu kubwa ya mngurumo ikapotea.

Kuna jambo jingine linalotokana na neno lenyewe, mtumba. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Mwaka 2001 alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni nyepesi kueleza: muuzaji analijua gari, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anakubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zima anaona anapunjwa, analirudisha nyumbani. Sokoni yanabaki mabovu. Kwetu Kenya jambo hili lina makali zaidi kwa magari ya aina hii, kwa sababu hairuhusiwi kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane. Impreza hizi haziji tena na meli hadi Mombasa. Zilizopo ni zilezile, zinapita kutoka mkono hadi mkono, kila mwenye nazo akiacha ndani yake kitu kisichoonekana.

Kwa hiyo anayenunua STI ya miaka ishirini ananunua pia tabia za watu asiowajua. Nani alikuwa nayo? Mzee aliyeiosha kila Jumamosi, au kijana aliyeiwasha asubuhi na kuipeleka mizunguko 7,000 kabla mafuta hayajapata moto? Gari lililotengenezwa kwa ajili ya kishawishi lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa limepita mikononi mwa walioshawishika. Mimi ni mwandishi wa habari, nimezoea kupima chanzo kabla ya kuamini habari. Tangazo lenye maneno "limetunzwa vizuri, mmiliki mmoja" ni chanzo ambacho mhariri wangu asingekipitisha.

Lakini nisiwe mnafiki wa kuikandia STI ili nijifariji. Kuna hoja moja ya kuitetea inayonigusa, na si ya trela. Ni hoja ya ubora. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000. Watoto wa miaka hiyo tulikua tukiijua rangi ile ya buluu na magurudumu ya dhahabu kabla hatujajua maana ya turbo. STI ndiyo iliyo karibu zaidi na kumbukumbu hiyo. Mwaka 2022 Subaru walitangaza kwamba WRX ya kizazi kipya haitakuwa na STI ya injini ya petroli. Mtu anayependa kitu kilichotengenezwa kwa ustadi ana sababu halali ya kutaka toleo lake bora, kama vile mpenda lugha anavyotaka kamusi kubwa hata kama ile ndogo inamtosha. Upendo wa namna hiyo si dhambi.

Ila Safari yenyewe ina somo. Ile ya zamani ilikimbizwa kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa umma. Helikopta ziliruka mbele ya magari ya mashindano kuwaonya madereva juu ya ng'ombe, malori na watu. Baada ya 2002 mashindano hayo yalitoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, na yaliporudi mwaka 2021 yalirudi kwa sura nyingine: vipande vifupi vinavyofungwa, wengi wao maeneo ya Naivasha, hakuna anayekuja kutoka mbele. Kasi haikupungua. Ilipewa tu mahali pake.

Wewe na mimi hatuna helikopta. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hula mita 14 hivi kila sekunde. Kwa kilomita 100 hula mita 28, na nguvu ya kugonga huwa mara nne, si mara mbili. Katika miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kwa mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni waenda kwa miguu. Kazi yangu imenipeleka kando ya barabara mara nyingi, na kitu ninachokikumbuka ni viatu. Karibu kila mara kuna kiatu kimoja kimebaki kwenye lami. Mwenye kiatu hakuulizwa kama anataka WRX au STI. Hakufaidi hata sekunde moja ya ile raha, lakini alikuwa amechangia gharama yake.

Utasema basi nunua Probox, yaishe. Nimelifikiria. Lakini naamini furaha ni kitu chema chenye haki yake, na mtu anayefanya kazi kwa bidii haombi msamaha kwa kupenda kona nzuri asubuhi ya Jumapili. Ninachokataa ni furaha ambayo ili ikamilike lazima nikope kutoka kwa mtu anayevuka barabara. Na ukiwa wewe ni mtu wa autokrosi, unayepeleka gari lako uwanjani kwenye njia iliyofungwa, kofia kichwani, basi chukua STI bila wasiwasi wowote. Kwako hao farasi thelathini wana malisho. Kwangu mimi, ninayekwenda kazini, sokoni na mara moja moja ushago, wangekaa zizini wakipiga mateke mlango.

Kwa hiyo ni WRX, ya gia za mkono. Breki ndilo jambo pekee ambalo STI inanizidi kwa namna inayomfaa hata mwenda kwa miguu, na sitaki kulipuuza. Pesa ninayookoa kwa kutochukua STI itaingia kwenye tairi nne mpya na breki nzuri za mbele, kabla ya redio, kabla ya rangi. Na siku nitakapoliuza, mnunuzi ataambiwa kila kitu, pamoja na yale ambayo yatanipunguzia bei.

Kuna moja nimeiona Ruiru. Fundi ameniambia nisimpe mwenye gari hata shilingi kabla yeye hajaisikiliza ikiwashwa alfajiri, injini ikiwa baridi. Tunaenda Jumamosi.