Dhambi, Deni na Swali la Mwenzangu wa Chumbani



Ndugu zangu katika imani, usiku mmoja muhula uliopita mwenzangu wa chumbani, kijana aliyelelewa katika nyumba ya Balokole, aliniuliza: "Ndugu yangu, kama kwenu Mungu anasamehe tu mtu akiomba, dhambi ina uzito gani?" Nikampa jibu tulilolizoea katika mijadala, kwamba hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Akanyamaza. Nikadhani nimeshinda.

Kumbe sikumjibu, kwa sababu sikuelewa anachokiita dhambi. Kwetu dhambi ni tendo: umeamrishwa ukaacha, umekatazwa ukafanya. Kwa Wakristo wengi, kabla ya kuwa tendo, dhambi ni hali anayozaliwa nayo mtu. Paulo, katika waraka wake kwa Warumi, anaeleza kuwa dhambi iliingia duniani kupitia Adam. Augustino, askofu wa Hippo huko kaskazini mwa Afrika aliyefariki mwaka 430, akaikuza hoja hiyo ikawa fundisho la dhambi ya asili. Karne nyingi baadaye Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, akaifananisha dhambi na deni ambalo mwanadamu hana cha kulilipia. Ukishakubali hayo, lazima apatikane mlipaji, na hapo ndipo msalaba unapoingia. Kwa hiyo tunapomwambia Mkristo kwamba mtoto huzaliwa katika fitra, safi, tujue tumegusa nguzo inayoshikilia paa la nyumba yake.

Hapa Kampala imani hiyo ina historia. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Simeoni Nsibambi alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda. Katika miaka ya 1930 uamsho waliouchochea ulienea Uganda na Rwanda, ukafika Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake ndio Balokole, yaani waliookoka. Walisimama mbele za watu wakataja dhambi zao, na wengi wakarudisha vitu walivyoiba. Mwenzangu anasimulia kwamba babu yake alitembea kutwa nzima kwenda kurudisha jembe.

Sisi hatuungami hadharani. Mtume (s.a.w.) ametukataza kutangaza maovu ambayo Allah ameyasitiri. Wala hatuamini kwamba lazima mwingine afe ndipo tusamehewe: Adam alikosea, akatubu, akakubaliwa toba yake. Katika hili mimi na mwenzangu hatukubaliani, na urafiki wetu hauhitaji tufiche hivyo.

Lakini lile jembe lilininyima usingizi. Nikiwa mwaka wa kwanza nilikabidhiwa michango ya darasa ya kutoa kopi. Zilibaki shilingi 30,000, nikazila. Tangu hapo nimeleta istighfari mara nyingi, lakini fedha sikurudisha.

Imam an-Nawawi, katika Riyadh as-Salihin, anataja masharti ya toba: kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na likihusu haki ya mja, kumrudishia haki yake. Hilo la nne ndilo tunaloliruka. Tunakumbuka pia hadithi ya muflis, atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, saumu na zaka, kisha mema yake yagawiwe wale aliowatukana na aliowala mali zao. Sitara ya Allah hunifunika aibu yangu. Haikuwekwa ili nifiche chini yake mali ya wenzangu.

Wiki iliyopita nilizipeleka fedha zile kwa kiongozi wa darasa letu. Aibu niliionja. Jioni nikamwambia mwenzangu: "Uliniuliza dhambi ina uzito gani kwetu. Ina uzito huu: Mola wangu hanidai damu ya mtu ili anisamehe, lakini haki ya mtu hainiachii mpaka niirudishe au mwenyewe anisamehe." Safari hii hakunyamaza. Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri.

Basi ndugu yangu, kabla hujaingia kwenye mjadala mwingine kuhusu dhambi ya Adam, jiulize: je, kuna jembe la mtu nyumbani kwako?

Wallahu a'lam.